Maneno ya Mkaa Ukutani

Mwaka ule Kuba ilitutuma sisi wanafunzi milimani Escambray tukawafundishe wakulima kusoma, na waasi wakawa wanatuwinda. Walipoingia asubuhi moja kwa Mzee Evelio, mwenyeji na mwanafunzi wangu, sare yangu ya ualimu ilikuwa chini ya gunia, nami natwanga kahawa kama binti wa nyumba.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Mwalimu gani, wanangu?" Evelio akacheka. "Hapa hata mbuzi katuzidi elimu."

Kiongozi wao akaokota mkaa, akaandika ukutani bila kusema neno, kisha akatukodolea macho.

NGE YUKO MGUUNI PAKO.

Nyayo zilinisisimka. Niliuma meno, nikaendelea kutwanga.

Mzee Evelio aliruka, akatazama miguu yake mitupu.

Tangu nifike nilikuwa nikimbembeleza asome sentensi nzima peke yake. Mkaidi yule, leo ndiyo kaiweza!

"Kumbe unasoma!" kiongozi akamwambia. "Nani kakufundisha?"

Evelio hakunitazama hata kidogo. "Nifundishwe na nani? Mwalimu ni mimi."

Walimfunga mikono. Walipokuwa wakimsukuma nje, midomo yake ilikuwa ikicheza polepole, anausoma tena ule ukuta.