Sketi Isiyolegea

Mwalimu wa kemia hakumwambia mtu kwamba amepunguzwa tumbo. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, aliambiwa ni mawe kwenye nyongo. Mkuu wa shule aliambiwa "tatizo la tumbo," naye, mwanamume mwenye haya zake, hakuuliza la pili. Ukweli ni kwamba mwalimu alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akaomba akatwe sehemu ya mfuko wa chakula, kwa sababu alichoka kuitwa Bonge na watoto anaowafundisha, na alichoka zaidi kuhema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa kila akipanda ngazi za maabara.

Daktari alimwambia uzito utashuka. Hakumwambia utashuka kwa mwendo wa kinyonga. Wenzake wa kliniki, waliokatwa wiki moja na yeye, walikuwa wakija huku wameshikilia suruali kiunoni zisidondoke, wanacheka. Yeye akipanda kwenye mizani, nesi alitazama, akaandika, akasema, "Usijali, kila mwili na mwendo wake." Mtu akiambiwa usijali kila mara na nesi yule yule, hata awe jiwe atajali. Akaacha kwenda kliniki.

Nyumbani mizani hakuwa nayo, wala hakuitaka. Akaamua sketi zake za kazi ndizo zitakuwa mwamuzi. Kila asubuhi alivuta zipu na kusikiliza kiuno kinasemaje. Miezi ikapita, mwaka ukakaribia kutimia, na zipu ikaendelea kupanda kwa shida ile ile. Nguo za ndani zililegea, ni kweli, lakini hizo zina mpira, na mpira ukilegea mtu huulaumu mpira.

Mtu angeweza kumcheka. Mwanamke anayewakemea watoto wa kidato cha kwanza wakisoma kipimo kwa jicho la upande, anakwenda kuamini sketi! Lakini aliyekwishakata tamaa hatafuti ushahidi wa kumtoa huko. Huokota ule unaokubaliana naye, akautia mfukoni.

Kilichomuuma kuliko uzito wenyewe ni upweke. Zamani, saa ya chai, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa meza katika chumba cha walimu. Sahani ilikuwa haizunguki mpaka atie neno, na vicheko vilianzia kwake. Sasa matonge mawili yalimjaza, na la tatu lilirudi lilikotoka. Akaanza kusingizia ana kazi za kusahihisha, akabaki maabara peke yake kati ya mirija na chupa, akinywa maji kwa kudonoa kama kifaranga. Mwanzoni walimwita. Baadaye mwalimu wa historia, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa akipita mlangoni, anatazama ndani, anaendelea na safari yake. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Umepungua." Aliuchukua ukimya huo kuwa ushahidi mwingine. Hakujua kwamba watu wakianza kuhofia afya ya mtu, hilo ndilo neno la kwanza wanaloacha kulisema.

Jioni alikaa mezani na mama yake. Mama alipakua, yeye akasogezasogeza chakula kwenye sahani, na mara nyingine alikimbilia chooni, akafungua bomba maji yatoe kelele. Akirudi, mama alikuwa ameshaondoa vyombo. Waliishi hivyo, wawili chini ya paa moja, kila mmoja na lake moyoni.

Wiki ile akaamua imetosha. Daktari alikuwa amewaonya kwamba mfuko ule mdogo, mtu akijilazimisha kula, hutanuka ukarudi ulivyokuwa. Onyo hilo sasa alilisikia kama mwaliko. Kama nimekatwa bure, alijiambia, basi nile, walau nirudi mezani na wenzangu. Angeanza Jumamosi, asubuhi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo, na msimamizi aliyetumwa kutoka nje alikuwa mtu mkavu asiye na masihara. Alimtazama mwalimu kuanzia juu mpaka chini.

"Mwalimu, koti la maabara ni la kufungwa, si la kupeperuka. Tafadhali."

Koti lile jeupe halikuwahi kufungwa tangu alipokabidhiwa. Lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara, lilifuliwa na dobi wa shule, naye alilivaa wazi kama pazia. Akavuta pumzi, akabana tumbo, akajiandaa kuaibika mbele ya watoto. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Alipofika cha mwisho aliachia pumzi, na koti likabaki limemning'inia, lina nafasi ya kumkaribisha mgeni. Akadhani amevaa la mtu. Akalivua, akatazama ndani ya kola, akakuta jina lake kwa mwandiko wake.

Furaha ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Halafu akajiuliza: na sketi, je?

Mtihani ulipokwisha aliomba ruhusa, akaenda nyumbani mchana ule ule. Alimkuta mama chumbani kwake, ameketi ukingoni mwa kitanda, miwani kwenye ncha ya pua, sketi ya kahawia imegeuzwa ndani nje mapajani, na sindano mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

Mama alishtuka, akajichoma. "Mbona umerudi saa hizi? Umezidiwa?"

"Nizidiwe na nini? Unafanya nini na sketi yangu?"

Mama akanyonya kidole kilichochomwa. "Zilikuwa zinakulegea. Nazibana. Kidogo kidogo, usijue."

"Zote?"

"Zote. Na magauni."

Mwalimu aliichukua ile sketi, akaketi. Ndani ya mshono kulikuwa na mistari ya uzi, mmoja kando ya mwingine, ikielekea ndani. Mwili wake wa mwaka mzima ulikuwa umeshonwa pale, naye kila asubuhi alikuwa akijilaani juu yake.

"Kwa nini, mama?"

"Baba yako alipoanza kupukutika," mama alisema, "watu hawakuja kumjulia hali. Walikuja kumtazama. Wanaitazama suruali inavyompwaya, wanakadiria amebakiza muda gani. Nikasema wewe hawatakutazama hivyo, labda mimi niwe sipo. Najua walikufungua, wakaona hakuna la kufanya, wakakufunga. Makovu madogo vile yametoa mawe gani? Na nakusikia unavyotapika. Bomba halifichi kitu, mwanangu."

Basi mwalimu akasema yote. Alisema haraka haraka, bila kumtazama, kuanzia jina la Bonge mpaka mpango wa Jumamosi. Alipomaliza, mama alikuwa amevua miwani.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, mama."

"Ulikwenda mwenyewe, mzima, ukawaambia wakukate?"

"Ndiyo."

Mama aliinua mkono kama anayetaka kumzaba kibao, mkono ukaishia shavuni, ukatulia hapo. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. "Mwaka mzima nakuzika, kumbe mwenzangu unajipunguza! Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha uzima, ukaniumbua mimi!"

Wakashikana, wakalia na kucheka kwa zamu. Mwalimu alijisikia mwepesi kwa namna ambayo mizani haiwezi kuipima. Halafu mama akajifuta uso kwa khanga na kunyoosha mkono kuichukua simu.

"Ngoja nimwambie kaka yako. Masikini, halali usingizi."

"Kaka anajua nini?"

"Nilimwambia tangu mwanzo. Unadhani kwa nini anakupigia kila Jumapili?"

Kaka yake aliishi mbali, na kwa miaka mingi salamu zake zilikuja kupitia kwa mama, kama nguo za mitumba. Lakini mwaka huu alikuwa akipiga mwenyewe. Hakuwa na jambo. Alimuuliza kilichomchekesha wiki ile, akamkumbusha walivyokuwa wakigombania kiti cha dirishani kwenye basi utotoni, akakaa tu kwenye simu hata maneno yalipoisha. Katika wiki nzima hakukuwa na saa nyingine ambayo mwalimu hakuwa peke yake. Alikuwa amejiambia kwamba umri umemlainisha kaka, amemkumbuka dada yake.

Mama alikuwa ameshavaa miwani, anatafuta namba. Mwalimu akaweka mkono wake juu ya simu.

"Usimwambie leo, mama."

"Kwa nini tena? Mwenzio anateseka!"

Alijua mama ana haki. Alijua ni ukatili, na aliona aibu mpaka akashindwa kuinua macho.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Jumapili akipiga. Mwisho mwisho, tukishaongea."