Kochi la Marehemu

Tangazo la manispaa lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme mwanzoni mwa wiki. Lori la vitu vikubwa lingepita Jumamosi saa tatu asubuhi, na kila mwenye kochi bovu, godoro, friji, matawi au takataka nyingine isiyoingia kwenye pipa aitoe nje ya geti lake. Lori hilo hupita mara mbili tu kwa mwaka. Mama Pacha alilisoma tangazo mara tatu, akamshukuru Mungu palepale kando ya barabara, kisha akakumbuka ameolewa na nani.

Mumewe alikuwa fundi saa aliyestaafu, na mtaa mzima ulimwita Itafaa, kwa kuwa ndilo neno alilolisema kila alipoona kitu kimevunjika. Hakuwa mchafu wala mvivu. Alikuwa mtu wa sala, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Hakutupa kitu bila kukiombea kwanza. Alisimama mbele ya feni iliyoungua, akafumba macho, akamuuliza Mwenyezi Mungu kama wakati wake umefika, kisha akasubiri jibu. Jibu halikuja. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa yao, Mungu hakuwahi kutoa ruhusa hata ya kopo la rangi lililokauka.

Matokeo yake yalikuwa chumba cha nyuma. Mlango wake ulifunguka nusu, na aliyetaka kuingia alilazimika kutoa pumzi kwanza. Ndani mlikuwa na friji mbili zisizogandisha chochote, mashine ya kukatia nyasi isiyo na injini, injini iliyotoka kwenye mashine nyingine kabisa, toroli lisilo na gurudumu, magodoro matatu yaliyoliwa na panya, mipira ya bustani iliyopasuka, na matawi ya ua yaliyokatwa mwaka juzi ili siku moja yawe banda la kuku ambao hawakuwahi kununuliwa. Katikati ya hayo yote, kama mfalme aliyepinduliwa akakataa kuhama, lilikaa kochi la watu watatu la marehemu baba yake Itafaa. Springi mbili zilikuwa zimechomoza, moja kila upande, hivyo kochi la watu watatu lilikuwa la mtu mmoja, tena mwenye tahadhari.

Safari hii haikuwa suala la usafi. Mama mkwe alikuwa amevunjika nyonga, sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na hospitali ilikuwa imwachie Jumamosi hiyohiyo. Wifi yake Mama Pacha, binti wa huyo bibi, aliishi ghorofa ya tatu kwenye jengo lenye ngazi tupu, bila lifti. Alipiga simu akasema mambo kwa mpangilio, kama kawaida yake. Saa nne angemleta mama. Chumba cha nyuma kikiwa tayari, mama angebaki. Kisipokuwa tayari, asingegombana na mtu. Fomu ya nyumba ya wazee ilikuwa imeshajazwa, ilibaki sahihi tu, na angegeuza gari.

Mama Pacha alikata simu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimpenda yule bibi. Ndiye aliyemfundisha kusinzia ibadani bila kuinamisha kichwa, na ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyemwambia pole siku ya harusi.

Jumatano alimkuta mumewe amesimama mbele ya friji ya kwanza, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Akasimama kando yake, naye akafumba macho, akahesabu hadi kumi.

"Nimeomba na mimi," akasema. "Amesema itoke."

Itafaa alifumbua jicho moja. "Amesema kwa sauti gani?"

"Inafanana na yangu."

Itafaa alitafakari. Hakuweza kumwita mkewe mwongo mbele ya Mungu, maana kama angekuwa amekosea, kesi ingekuwa kubwa. Akashika upande mmoja wa friji. Kufikia Ijumaa jioni Mama Pacha alikuwa ameshapokea mafunuo kumi na moja, yote ya kutoa, hakuna hata moja la kubakiza, na mumewe alikuwa anaanza kumtazama kwa heshima yenye mashaka. Friji zilitoka, magodoro yakatoka, toroli likabebwa kama maiti. Matawi yalitoka yakiwa na familia nzima ya mijusi.

Lilibaki kochi. Hapo Itafaa aliinua kidole.

"Kwa hilo, Mama Pacha, usijisumbue. Hata Mungu mwenyewe usimsumbue. Hilo ni la baba."

Na kochi likibaki, kitanda cha mama mkwe hakiingii. Kitanda chenyewe kilikuwa kwa jirani mshonaji, ambaye alikuwa amekitoa kwa moyo mweupe na kwa sharti moja tu, kwamba asimulie yeye wa kwanza yatakayotokea.

Jumamosi asubuhi, Itafaa alipoingia kuoga, Mama Pacha na mshonaji, pamoja na binti wawili wa mshonaji, waliingia chumba cha nyuma. Walilisukuma kochi, wakaliinua, wakalilaani, wakalipitisha mlangoni kwa ubavu. Ukumbini lilimchoma mshonaji pajani, naye akasema neno ambalo binti zake hawakujua kwamba mama yao analijua. Walifika nalo mpaka getini, na hapo nguvu zikawaishia. Kochi likakwama mdomoni mwa geti, limeziba njia yote, nusu ndani nusu nje. Haidhuru, wakasema, wapakiaji watalimalizia.

Lori likaja. Msimamizi wake alikuwa mwanamume mnene mwenye glavu za ngozi, aliyeonekana amechoshwa na maisha na zaidi na magodoro. Vijana wake walipakia lundo lote kwa dakika chache. Walipoligeukia kochi walimkuta Itafaa amekaa juu yake, katikati, mahali pasipo na springi, taulo begani, nywele zinachuruzika maji, macho yamefumbwa.

Wapakiaji wakarudi nyuma. Walikuwa na sheria yao, na mtaa mzima uliijua: kilichokaliwa hakibebwi. Ilianza siku walipopakia kitanda wakidhani shuka zimejikunja tu, wakafika nacho jalalani, na kwenye mizani babu wa watu akaamka akauliza chai iko wapi.

Msimamizi aliinama. "Mzee, unaomba au umelala?"

"Naomba."

"Basi omba kwa kifupi. Tuna mitaa sita."

Itafaa hakuomba kwa kifupi. Mama Pacha alimsihi, akamweleza habari za kitanda, za mama, za fomu. Itafaa alimjibu bila kufumbua macho kwamba mama atakaa sebuleni, alale kwenye kochi hilohilo, tena atafurahi kukumbuka. Mama Pacha alifikiria ile springi na ile nyonga, akawageukia wapakiaji. Mshonaji alipendekeza wamwinue na kochi lake wampakie pamoja. Msimamizi alilitafakari pendekezo hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Saa nne kasoro robo gari la wifi likasimama nyuma ya lori. Wifi akashuka. Alitazama geti lililozibwa, kaka yake aliyelowa na kitanda kilichosimamishwa ukutani mwa jirani. Alifungua mkoba akatafuta kalamu.

Mama Pacha aliiona kalamu ikitoka. Kwa mara ya kwanza wiki ile aliomba kweli, bila kuhesabu hadi kumi. Mungu wangu, akasema moyoni, leo tu usiwe upande wake.

Bibi alikuwa ameshateremshwa. Alikuwa mdogo kuliko kiti chake, kibegi mapajani, na alisukumwa hadi magoti yake yakakaribia kugusa kochi. Alilitazama kwa muda. Kisha akamtazama mwanawe.

"Hili bado lipo?"

Itafaa alifumbua macho yote mawili. "Nimekutunzia, mama. La baba."

"La baba yako," bibi akasema. "Unajua alilitoa wapi?"

Hakujua. Siku zote aliamini lilinunuliwa.

"Aliliokota nje ya geti la watu, siku kama ya leo, lori likija. Nikamwambia alirudishe. Akasema litafaa." Bibi alivuta pumzi. "Miaka arobaini lilinichoma. Kila usiku nilipiga magoti nikamwambia Mungu, ondoa kitu hiki nyumbani kwangu, kochi hili na aliyelileta. Mungu akasikia. Ila akaanza na baba yako."

Mpakiaji mmoja akavua kofia, hakujua kwa nini.

"Sasa ondoka hapo, mwanangu," bibi akasema kwa upole, "umwache amalizie."

Itafaa aliangalia chini, kwenye kochi. Alikuwa mtu wa sala, na maisha yake yote alikuwa akisubiri jibu moja lililo wazi. Sasa lilikuwa limefika, limechelewa miaka mingi, na yeye ndiye aliyekuwa amelikalia. Akasimama. Springi ya kushoto iling'ang'ania suruali yake, ikatoa mlio, ikamwachia.

Lori lilipoondoka, wifi alirudisha kalamu mkobani, akaiacha fomu humohumo, akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mambo yatakuwa sawa. Kitanda kiliingia, kikatandikwa, na bibi akalazwa juu yake. Hapo ndipo kilipoyumba. Kwenye kona ile friji zilikuwa zimekaa miaka mingi hata sakafu ikadidimia, na mguu mmoja wa kitanda ulining'inia hewani. Mama Pacha alijaribu kiatu, kikabonyea. Alijaribu tofali, likazidi.

Itafaa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Akauleta mbele polepole. Alishika mguu wa kochi, mmoja, mfupi, wa mbao ngumu. Hakueleza aliung'oa saa ngapi.

Mama Pacha aliuchukua, akapiga magoti, akauingiza chini ya kitanda. Ulienea kama uliopimwa. Bibi alijigeuza mara mbili, kitanda hakikutikisika, naye akafumba macho.

Mama Pacha alibaki pale sakafuni kidogo. Hakutaka kuinuka, kwa kuwa alijua vizuri uso wa mumewe ulivyo sasa hivi, na alijua habari za mguu ule atazisikia mpaka siku ya kuzikwa kwake.

"Usiseme," akamwambia.

Itafaa hakusema. Alikwenda zake bafuni kuchukua sabuni aliyoisahau, na wote wakamsikia kule anaimba.