Walio Safarini

Sipendi mtu anifundishe kusali ndani ya nyumba yangu. Nasema mapema ili tuelewane. Mimi ni Tekla, mzaliwa wa Michenga, mkazi wa Ifakara tangu nilipoolewa, na sala ya jioni katika nyumba hii naongoza mimi. Akiwapo paroko, ataongoza paroko. Wengine wote wanaitikia.

Sala yangu ina mpangilio wake. Ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, halafu tunaomba kwa majina. Kwanza wagonjwa. Kisha walio safarini. Mwisho marehemu, na hao tunawamalizia kwa Raha ya milele kama Wakatoliki wote. Tangu masika ile ya mafuriko makubwa, mume wangu Eustaki namtaja kwenye walio safarini.

Habari yenyewe watu wanaijua. Eustaki alivuka mto kwa mtumbwi kwenda kuokoa nyavu zake upande wa Lupiro, maji yakiwa yamefunika mpaka mashamba. Mtumbwi ulionekana umenasa kwenye matete. Yeye hakuonekana. Wavuvi wenzake walitafuta mpaka maji yakapungua na tope likaanza kupasuka, hawakupata hata shati. Shemeji yangu mmoja akaja na ushauri kwamba tuzike mgomba badala ya mwili, tusimike msalaba, msiba uishe. Nikamuuliza, huo mgomba ndio niliozaa nao watoto? Hakurudia tena, na mpaka leo akinisalimu anasimama mbali kidogo.

Hayo ni ya miaka mitatu iliyopita. Ninayotaka kusimulia ni ya kiangazi hiki.

Kwetu kiangazi ndio msimu wa watu kuonana. Masika kila mtu yuko bondeni na tope lake. Ikifika Juni barabara imekauka, mpunga umevunwa, shule zimefungwa, ndipo watoto wanakumbuka kwamba wana mama. Alikuja Kassian, kifungua mimba wangu, ambaye anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu. Akaja mdogo wake Aneth, mwalimu wa Morogoro mjini, na binti zake wawili. Nyumba ikajaa viatu mlangoni. Nilifurahi, nisiseme uongo. Siku mbili niliwapikia wali kwa kambale, ya tatu nikawapa nyungo wapepete. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mtoto wa kumzaa si mgeni hata hiyo siku ya kwanza.

"Mbegu gani hii, mama? Inanukia," Kassian aliniuliza tukiwa tunapepeta.

"Kula na Bwana."

Ni mbegu yetu ya mpunga ya siku nyingi. Eustaki alikuwa akinitania kwamba huyo bwana anayesemwa ni yeye, na mimi namwambia ni Bwana Mungu, basi tunabishana mpaka wali unapoa. Nilidhani Kassian atacheka, maana utani huo ameukuta. Hakucheka. Alitazama ungo wake akaendelea kupepeta.

Jioni ile nilipofika kwenye walio safarini nikasema, "Na Eustaki, afike salama." Aneth aliitikia kwa sauti ya chini. Kassian hakuitikia. Alidhani sikusikia, lakini mimi nasikia hata asiyeitikia.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Walikuja wengi, sebule ikajaa, wengine wakakaa kwenye mkeka barazani. Mwenyekiti wetu ni Mama Odilia, mwanamke mzuri, ana kasoro moja tu, anapenda kuwapa wageni nafasi. Somo likasomwa, likatafakariwa, tulipofika kwenye maombi akasema, "Leo tuna kijana wetu Kassian, karibu utuongozee." Kassian akasimama. Akawaombea wagonjwa, akaombea mavuno, akashukuru kwa familia kukutana. Nikawa naona fahari, kumbe nimewahi mno.

"Tuwaombee na marehemu wetu wote," akasema, "na kwa namna ya pekee baba yangu, Eustaki. Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Sasa, Raha ya milele si kitu ambacho Mkatoliki anafikiri kabla ya kujibu. Mdomo unakwenda wenyewe. Sebule nzima wakaitikia, na barazani wakaitikia: na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani, amina. Walimzika mume wangu kwa pumzi moja, wamekaa kwenye viti vyangu.

Nikasimama. "Nani amekwambia baba yako amekufa?"

Mama Odilia akajaribu kuanzisha wimbo, ukamfia mdomoni. Mimi nikatoka nje kwenye turubai la kuanikia mpunga, nikachukua reki nikaanza kugeuza, na mpunga wenyewe ulikuwa umegeuzwa muda si mrefu. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kunywa chai. Maandazi yalibaki beseni zima.

Kassian alinifuata nje. "Mama, nilifanya makusudi."

"Najua. Umezaliwa na mimi."

"Basi nisikilize. Kule kambini kwenye miwa tunakaa na watu wa Lupiro. Unajua wanasemaje? Wanasema baba yuko Malinyi. Ana mke, ana watoto wadogo. Nikiwakatalia wananiuliza, mbona mama yenu anamwombea afike salama? Si ina maana anajua aliko? Wewe ndiye shahidi wao, mama."

"Bora."

"Bora nini?"

"Bora awe Malinyi. Awe na mke, awe na kitambi, anichekee huko aliko. Sina kesi naye. Nataka awe anapumua."

Nilisema kweli tupu. Mwanamke mwingine angeona aibu, mimi nilikuwa nimeshapita huko. Kassian alinitazama kama amekutana na mtu asiyemjua.

Aneth alikuwa amesimama mlangoni, na Aneth ni mpole, ndiyo maana maneno yake yanaingia. "Na kama hapumui, mama?" akasema. "Kila Novemba, siku ya Marehemu Wote, Mama Odilia anamwombea mume wake, na mji mzima unajua yule mzee alikuwa mwizi wa mbuzi. Ana wa kumwombea. Baba hana. Kama yuko toharani anasubiri watu wa nyumbani kwake wamtaje, sisi tunamwombea apate basi."

Mkono wangu uliinuka. Haukufika, lakini uliinuka, na yeye aliuona.

Nikajitanda khanga, nikatoka bila kuaga. Nilikwenda dukani kwa Mzee Makame, nikajisingizia sukari. Mzee Makame ni Mwislamu, baba yake alitoka Kilwa akafungua duka hapa Ifakara wakati mji una mitaa michache. Alikuwa rafiki wa Eustaki kuliko ndugu wa damu. Kila akitoka mtoni, Eustaki alipita kwake kwanza, samaki mmoja wa Makame, kahawa kikombe kimoja, na siasa nyingi ambazo hazikumsaidia mtu yeyote.

Nikamweleza yote, naye anapima sukari. Nilitegemea aseme, watoto wa siku hizi hawana adabu, nami nirudi nyumbani na ushindi wangu. Akafunga mfuko, akauweka mezani, akauzuia kwa kiganja.

"Mama Kassian, nikwambie neno, usinikasirikie."

"Sema. Nikikasirika nitanunua sukari kwingine."

"Mimi namwombea Eustaki kila Ijumaa. Mashekhe wakisikia watanigombeza, lakini nimekunywa kahawa na mtu yule tangu ndevu zangu nyeusi, siwezi kumwacha hivihivi."

"Unamwombea afike?"

"Namwombea Mungu amrehemu."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ulipoonekana mtumbwi. Nikamuuliza alipata wapi uhakika huo ambao mimi mke sina.

"Kwa kumjua," akasema. "Eustaki akichelewa Lupiro usiku mmoja tu, alikuwa anatuma mtu wa baiskeli aje akwambie usihangaike. Mara ngapi ujumbe huo umepitia hapa dukani? Mtu wa namna hiyo angekuwa hai, ungekuwa umeshaletewa ujumbe. Wanaosema yuko Malinyi hawakumjua."

Hakusema kwamba na mimi nimo kati ya hao wasiomjua. Mzee Makame ana adabu zake. Lakini nililisikia neno hilo kana kwamba amelitamka, likaniingia hapa kifuani, likakaa.

Nilirudi kwa njia ya kanisani, sikuingia, nikakaa nje kwenye ngazi na mfuko wa sukari mapajani. Niliona aibu, na niliona wivu. Ifakara nzima, mtu aliyekuwa akiiombea roho ya mume wangu ni Mwislamu wa duka la rejareja, na mimi mke wa ndoa, niliyevishwa pete madhabahuni, nilikuwa namwombea nauli. Nikamwambia Mungu bila kuzunguka. Nikamwambia, nilijua. Nilijua tangu ule mtumbwi. Ila nilidhani nikikutajia jina lake kila jioni pamoja na walio hai, utaona haya kumchukua. Nikamwambia pia kwamba amenikosea, angalau angenipa mwili nioshe. Hakunijibu, na mimi sikuomba radhi. Tulikaa hivyo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Siku zilizobaki za likizo sikumtaja Eustaki popote. Si kwenye safari, si kwenye marehemu. Sala yangu ikawa inachechemea mahali pale, kila mtu anapasikia, hakuna anayesema. Mchana tulikaa vizuri. Kassian alipanda juu akabadilisha mabati yanayovuja, mimi nikiwa chini namwelekeza asiyojua na anayojua. Wajukuu walijifunza kupepeta, wakamwaga zaidi ya walichopepeta, kuku wakanenepa. Aneth alinisuka nywele barazani, vidole vyake taratibu, na tukiwa hapo akaniambia, "Mama, yale maneno ya basi, nisamehe." Nikamwambia avute vizuri upande wa kushoto, umelegea. Alielewa kwamba nimemsamehe. Watoto wangu wananielewa, ndicho nilichobahatika nacho.

Siku ya kuondoka ikafika. Kwangu mtu hatoki na begi bila kusali kwanza, hata kama bajaji imeshafika na dereva ananguruma nje. Kulikuwa na baridi ile ya asubuhi ya kiangazi, wajukuu wamejifunika shuka moja wote wawili. Tukasimama sebuleni, viroba vya mchele vimefungwa tayari. Ishara ya msalaba. Baba Yetu. Salamu Maria. Nikawaombea wagonjwa.

"Tuwaombee walio safarini," nikasema. "Kassian. Aneth. Wajukuu zangu hawa. Mungu awafikishe salama."

Wakaitikia. Nikafika mahali pake. Ulimi ulikuwa umezoea, ulitaka kwenda wenyewe, nikaurudisha. Nikashika mgongo wa kiti.

"Tuwaombee na marehemu. Baba yangu na mama yangu. Wakwe zangu." Nikavuta pumzi. "Na Eustaki, mume wangu, ambaye hakutukimbia."

Aneth akaziba mdomo kwa mkono.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Nikasubiri waitikie. Aneth machozi yalikuwa yanatiririka, hawezi hata kufungua kinywa. Wajukuu walimtazama mama yao, wakaogopa, wakanyamaza nao. Nikamgeukia Kassian, yeye aliyelisema neno hilo mbele ya jumuiya nzima kwa sauti kavu. Mtu mzima, kifua kama mlango, ameinua kiganja kunizuia.

"Mama," akasema, "subiri kwanza."

Ndipo nikajua kwamba katika nyumba hii sikuwa nangoja peke yangu. Alikuwa anabishana nami kwa sababu alijua nitakataa, na nikikataa mimi, baba yake bado yupo. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa namshika wakati wa kuvuka barabara.

"Tumesubiri, mwanangu," nikamwambia.

Nikarudia, Raha ya milele umpe, ee Bwana. Hawakuweza. Basi nikaitikia mwenyewe mpaka mwisho, na amina nikaisema mwenyewe, nikawafungulia mlango.