Mshipi wa Njano

Mume wangu Hollis alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, tulipokuwa tunatoka kwa daktari wa macho: siku atakayoshindwa kuuona mshipi wake wa kuvulia majini, boti iende kwa Dewitt. Dewitt ni jirani yetu, na ameimezea mate boti ile tangu mke wake wa kwanza yuko hai. Nilidhani ni maneno ya hasira tu. Lakini Hollis hasemi kwa hasira, na hiyo ndiyo shida yake.

Krapi, samaki wa ziwa letu, hali chambo kama samaki wengine. Ukimshushia ile ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi na manyoya, hakurupuki nayo. Anaifyonza, anatulia, pengine anapanda nayo juu, na mkono wako hausikii kitu. Kinachokuambia ni mshipi: unashtuka kidogo, au unalegea. Asiyeuona mshipi anashinda ziwani akiogesha manyoya.

Aprili ilipofika, krapi wakasogea kwenye kina kifupi kutaga, na Hollis akanipeleka dukani kwa Lurleen, muuza vifaa vya uvuvi. Au niseme mimi ndiye niliyempeleka, maana usukani sasa ni wangu.

"Nipe mshipi wa njano," akasema, hata salamu hakutoa.

Lurleen akashika kifua. "Wee Hollis! Si ulisema huo ni uzi wa kufumia sweta?"

"Nimezeeka. Nataka sweta."

Tukacheka sote, mimi zaidi yao, kwa sababu nilitaka kulia. Maisha yake yote alitumia mshipi usio na rangi, mwembamba, akiwadhihaki wenye mishipi ya rangi mpaka wengine walimnunia.

"Wa kubeba ratili nne au sita?" Lurleen akauliza. "Huko kwenye visiki wengi wanachukua sita."

"Nne. Wa sita mnene, utaniachia ndoana ikining'inia katikati ya maji kama nguo kambani. Nimeharibika macho, mama, sijaharibika akili."

Akapapasa rafuni, akachukua roli moja ya mshipi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Huu! Huu hata kipofu anauona."

Ulikuwa usio na rangi. Lurleen akafungua mdomo, nami nikamkata jicho akaufunga. Nikaichukua roli mkononi mwa mume wangu, nikairudisha, nikabeba ya njano huku nikipiga domo kuhusu viazi vyangu vilivyokataa kuota.

Kesho yake tukaenda ziwani. Mimi si mvuvi. Huwa nakwenda kula soseji za kopo na biskuti za chumvi, na kumwambia anavyokosea. Mshipi ule uling'aa juu ya maji meusi hata mtoto mchanga angeugeukia. Hollis alikaa wima, uso mbele, kama anayesikiliza mahubiri.

Mshipi ukashtuka.

Hakusogea. "Wamelala leo," akasema.

Ningeweza kusema "nyanyua." Lakini neno hilo moja lingeiuza boti, na mimi sikuwa tayari. Baadaye ukalegea kabisa, ukajikunja juu ya maji, kisha ukanyooka tena. Samaki ameitema ndoana. Nikabaki na biskuti mdomoni.

"Verna," akaniita, bila kugeuka.

"Ee."

"Wamekula mara ngapi?"

"Nani kasema wamekula?"

"Kila wakila unaacha kutafuna. Tangu nikuoe sijawahi kukusikia ukiacha kutafuna."

"Mara mbili," nikasema, na machozi yakanitoka.

Hakunibembeleza. Alinipa ufito wake wa kuvulia. "Shika. Ukiona mshipi umeshtuka, inua tu. Usikwanyue, mdomo wake utachanika."

Uliposhtuka, nikainua. Akaja krapi wa kujaza sahani. Hollis akampokea, akampitishia kidole gumba kwenye miiba ya mgongo, polepole, akiihesabu.

"Miiba sita. Krapi mweupe," akasema. Kisha akanielekezea uso, akiugeuza upande kidogo, maana siku hizi hunipata kwa pembe ya jicho. "Mzuri?"

"Mzuri sana."

Akamrudisha majini. Samaki mkubwa hivyo hatujawahi kumrudisha.

"Haya. Mpigie Dewitt."

"Tutampigia nyumbani."

"Mpigie sasa, nikiwa bado nimekaa ndani ya boti. Nikikanyaga nchi kavu nitageuza maneno."

Nikapiga. Dewitt alishangilia, kisha akaona haya, akauliza boti ina hali gani. Nikampa Hollis simu. Akamwambia haivuji. Akamwambia injini inataka kubembelezwa asubuhi za baridi, kwamba ubao wa nyuma asiukanyage ukiwa umelowa, na kwamba kuna kona upande wa mashariki ambako krapi hukaa hata Julai. Alieleza kila kitu, taratibu, na mkono wake mwingine ukiushika ubavu wa boti.

Dewitt alishukuru, akakata. Nilisikia alipokata. Hollis akaendelea kuishikilia simu sikioni, akielezea kona ile, na mimi nikamwacha amalize.