Taa Juu ya Mabati ya Mama Séraphine

Taa ilikuwa juu ya nyumba ya Mama Séraphine, hilo hata mimi sikuweza kulikana. Nilisimama kwenye robinet yetu hapa Murara, bidon mbili za maji miguuni, nikaiona upande wa magharibi: nyeupe, kubwa kuliko nyota yoyote, imetulia juu kidogo ya mabati yake. Jua lilikuwa limezama nusu saa tu. Wiki ya tatu sasa ilitokea palepale kila jioni, na kila aliyekuja kuchota maji aliitazama taa, kisha akaitazama nyumba.

Zamani tungesema ni ndege inakuja kutua. Lakini uwanja wa ndege jirani yetu umefungwa tangu vita viingie mjini, na hakuna kinachotua tena. Ikabaki ndege ya aina nyingine, ile ambayo kila mtoto wa huku ameisikia: ndege ya wachawi, isiyohitaji uwanja, inayokuja usiku kubeba roho za watu. Na mjukuu wa shefu wetu wa avenue, Muzee Paulin, alikuwa na homa siku ya nne.

Muzee Paulin si mtu mbaya. Ameamua ugomvi wetu wa mipaka na mifereji kwa miaka mingi bila kupendelea mtu. Ila hofu ilikuwa imemwingia, na jioni ile alikuja robinet kututangazia.

"Dimanshi asubui chukudu itakuya kubeba vitu ya Mama Séraphine," alisema, yaani Jumapili baiskeli ya mbao ya mizigo ingekuja kumhamisha. "Arudie Vitshumbi kwabo."

Vitshumbi Mama Séraphine hana hata ukuta wa kuegemea. Mumewe alikuwa mvuvi kule, akafa. Yeye akakimbia risasi na kufika hapa na beseni moja. Sasa anauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, anaishi peke yake, na ana umri wa mama yangu. Nilikasirika, na mimi hasira zangu haziko mbali.

"Ile si ndege, shefu. Ni sayari. Inaitwa Zuhura. Mu Kifaransa, Vénus."

"Madame Kahindo, weye ulisoma," alinijibu kwa upole. "Lakini nyota ziko mingi, zinajaa mbingu yote. Ile iko yenyewe, na iko juu ya nyumba moja. Sababu gani isisimame kwako?"

Watu wakanigeukia. Ninafundisha jiografia katika shule moja ya Himbi. Nimechora duara la Zuhura ubaoni miaka kumi na moja, na kusema kweli sijawahi hata mara moja kutoka nje kuitafuta. Vipi kama taa ile siyo Zuhura niliyokuwa nachora? Swali la shefu lilikuwa zuri kuliko maswali yote ya wanafunzi wangu, na nilitaka kujua jibu kama yeye.

"Tufanye hivi," nikasema. "Kama iko juu ya nyumba yake, tukifika kwake itakuwa juu ya vichwa vyetu. Twende tuone. Lakini mutu asishushe macho njiani, isije mukasema imekimbia."

"Twende," alisema Muzee Paulin.

Tukaacha bidon zetu zitushikie zamu, tukaondoka kama watu kumi na wawili, shingo zimenyooka juu. Mawe ya volkano ya njia yetu hayamhurumii mtu asiyetazama chini. Tulijikwaa, tukashikana mabega, mwanamume mmoja sapato ikamvuka mguuni na hakuinama kuiokota. Nami niliona taa ikisogea. Hatua kumi, ikaacha pembe ya paa. Hatua nyingine, ikatangulia mbele. Moyo ulinidunda kwa furaha, maana ilikuwa kweli, duara langu la chaki lilikuwa pale juu linawaka.

Tulipoingia uani kwa Mama Séraphine, juu ya vichwa vyetu hapakuwa na kitu. Alitoka na beseni lake la sambaza, akatusalimu. Taa ilikuwa mbele, ng'ambo ya ukuta wake, juu ya mabati mekundu. Wote tuliyajua mabati yale. Ni ya Muzee Paulin.

Furaha ikaniisha mara moja, kwa sababu watu walianza kumtazama yeye vilevile walivyokuwa wakimtazama mama huyu. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Shefu alisimama, mikono imelegea.

"Nyiye munaiona leo?" aliuliza Mama Séraphine. "Miye niko naiona pale kwa shefu tangu ianze."

"Na haukusema?" Sauti ya Muzee Paulin ilikuwa ndogo.

"Niseme nini, shefu? Batu bangekuya kwako na mawe. Na mutoto iko anagonjwa kwako. Nilikuwa nakuombea rozari."

Niliona aibu kwa niaba yetu sote.

"Tuendelee," nikasema haraka. "Mpaka kwa shefu."

Mama Séraphine alitua beseni akatufuata. Tulipofika kwa Muzee Paulin, taa ilikuwa imeshahamia juu ya kanisa la paroisse, na mtu akauliza kama sasa tumushitaki padri. Tulicheka sana, kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Mama Séraphine hakucheka. Alikuwa bado anaangalia juu.

"Madame, pale kuko nini?"

"Ni dunia nyingine, Mama. Iko mbali sana, ndiyo maana inatufuata kila tunapoenda. Nako kuko volkano, na moto wa kuyeyusha risasi."

"Na batu?"

"Hakuna."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Basi hakuna wa kufukuza mwenzake."

Muzee Paulin alisikia. Homa ya mjukuu wake haikuwa imeshuka. Binti yake Bénédicte, mama wa mtoto, alikuwa bado kituo cha afya naye, na hakuna kati yetu aliyejua asubuhi italeta nini.

"Mama," alisema, "ile mambo ya Dimanshi..."

"Niliijua. Vitu nilishafunga."

Shefu alimrudisha Mama Séraphine mpaka kwake, akaingia, nasi tukamwona kupitia mlango akipiga magoti mbele ya furushi, anafungua kamba kwa meno.