Godoro Alilolalia Mzee Ogari

Mwaka tulipouza pareto kwa mara ya kwanza, nilikuwa sijalala vizuri miezi miwili. Nilianguka mtoni na mtungi wa maji. Mtungi ulipona, nyonga yangu ya kushoto ikaumia. Kitanda chetu kilikuwa cha fito, juu yake ngozi ya ng'ombe, juu ya ngozi nyasi. Mimi na mume wangu Mogire tulikuwa watu wa kulala ubavu, na kwenye fito, mfupa na mti hukutana. Nikigeukia kulia, nyonga mbovu inavuta. Usiku macho, mchana nasinzia. Nilisinzia jikoni mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimempakata mtoto wetu Gesare. Shuka yake ikashika moto. Tuliuzima. Kesho yake Mogire akasema, "Tutanunua godoro."

Sasa, kwetu Wagusii kuna ensoni, ile heshima ya mkwe na mke wa mwanawe. Baba hakioni kitanda cha mwanawe wala hakitaji. Na mke wa mwana hawezi kulala mahali ambapo mkwe wake amelala. Mambo haya hayakuandikwa popote, kwa hiyo hakuna wa kuyafuta.

Mzee Ogari, baba yake Mogire, aliposikia tunakwenda Kisii mjini, akachukua fimbo. Alikuwa amemuuzia ngozi Warsame, Msomali mwenye duka, kwa miaka mingi, na aliamini hakuna mtu wa kijijini kwetu Manga anayeweza kupatana bei na Warsame bila yeye. Njiani akauliza tunanunua nini.

"Godoro, baba," Mogire alisema. Tukatembea kidogo. "La wageni."

"Wageni gani?"

"Wachungaji wa kanisa."

"Vizuri. Mchungaji aliyelala vizuri hahubiri mpaka jioni."

Warsame alikuwa na magodoro mawili, la nyasi kavu na la pamba. Akauliza mwenye kulalia hulala vipi. Mogire akatazama bati. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Ubavu," Mogire akasema mwishowe. "Wachungaji hawa hulala ubavu."

"Wangapi?"

"Wawili. Mmoja anaumwa nyonga."

"Basi kubonyeza kwa mkono hakutoshi. Mtu wa ubavu anataka bega lizame, nyonga izame, na kiuno kisibaki hewani. Lazima mtu alale. Lala, mama, tuone."

Sijawahi kumwona mtu akitazama mizani kwa bidii kama mkwe wangu wakati ule. Hakuna aliyesogea. Ndipo mzee, kwa kutuhurumia, akampa Mogire fimbo, akajilaza kwenye lile la pamba, ubavu wa kushoto.

"Bega limezama," akatangaza. "Nyonga imezama. Kiuno kimeshikwa." Kisha akafumba macho.

"Mzee?" Warsame akaita.

"Niache kidogo."

Alipoinuka alisema, "Chukueni hili. Lile la nyasi wapeni mbuzi."

Basi godoro zuri likawa limetupotea hivyo. Na Mogire hakuweza kueleza, maana kueleza ni kukitaja kitanda chetu mbele ya baba yake.

"Tuchukue la nyasi," akasema.

"Una wazimu? Na mchungaji anaumwa nyonga!"

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Uani alikuwa Hawo, mke wa Warsame, ambaye ndiye aliyekuwa akishona magodoro. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni.

"Mzee amelala juu ya kitambaa," akauliza, "au juu ya pamba?"

Sikuwa nimewaza hivyo. "Juu ya kitambaa."

"Basi kitambaa tunamwachia."

Akatuma neno dukani kwamba godoro la wachungaji lina mshono mbaya, wanaume wakanywe chai. Akalifumua, akaitandaza pamba juani, akaipiga kwa fimbo mpaka tukapiga chafya sote wawili. Akaishona ndani ya kitambaa kipya cha mistari.

"Haya, mama, lala sasa. Huku hakuna mwanaume."

Nikalala ubavu. Akapitisha mkono chini ya kiuno changu. Ukapita. Akaongeza pamba, akajaribu tena, mpaka mkono ukakwama. Penye bega akapunguza. Akanigeuza upande wa pili kama chapati. Mwishowe ilimbidi aniamshe.

Kurudi, mzee alitangulia, ameridhika na bei. Mogire alisukuma baiskeli yenye godoro, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Gesare, ni lile?"

"Kitambaa ni kingine."

"Na pamba?"

"Pamba imepigwa."

Akasukuma mpaka tukaumaliza mlima. "Imepigwa sana?"

"Sana."

"Basi."

Asubuhi yake jua liliingia nyumbani tukiwa hatujaamka. Gesare alikuwa amelala kati yetu. Ng'ombe walikuwa wakilia zizini. Mzee akasimama mbali na mlango, mahali pake, akakohoa.

"Mogire! Mnaumwa?"

"Hapana, baba."

"Ni nini basi?"

Mogire akanitazama. Sikumsaidia.

"Tumelala, baba."

Mzee akakohoa tena, kikohozi kifupi, na tukasikia akiondoa magogo ya zizi mwenyewe. Mogire akataka kuinuka. Nikamwambia ng'ombe wameshafunguliwa.