Ndege wa Kwenye Kioo

Siku Perpetua alipoleta kishikwambi pale Nkololo, mzee Mwandu alidhani serikali imeanza tena kuhesabu watu. Vishikwambi alivijua kwenye sensa tu. Akatoa kigoda, akamsalimia mgeni, akaanza kutaja mbuzi wake kwa kuwapunguza, kama kawaida.

"Sijaja kuhesabu mbuzi, baba," Perpetua akasema. "Nimekuja kwa Sayi."

Perpetua alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mhaya aliyehamishiwa Bariadi mjini, na pikipiki yake ilishazoeleka hata na mbwa wa huko. Sayi alikuwa mjukuu wa Mwandu, mtoto wa binti yake Esteria. Alizaliwa kwa shida, uchungu ukamkalia mama yake mpaka watu wakakata tamaa, na mtoto akatoka na upande wa kushoto mzito. Mguu ulikuja kupata nguvu, akatembea kwa kuchechemea, akaanza hata shule. Mkono ulibaki. Ulikaa umekunjwa kifuani, ngumi imefumbwa, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kuonyesha.

Perpetua akaegemeza kishikwambi ukutani, juu ya stuli. Kwenye kioo kulikuwa na shamba la mtama uliokomaa. Ndege wadogo wakaanza kushuka kutoka juu, polepole, wakitua kwenye masuke. Kamera ilikuwa inamtazama Sayi. Kila alipoinua mkono wa kushoto, hata kidogo, ndege wakaruka wakaenda zao. Alipowamaliza, kioo kikampigia makofi.

"Mchezo unamsoma mchezaji," Perpetua akasema. "Akiweza, wenyewe unaongeza mwendo. Kuupunguza mpaka nije mimi. Kwa hiyo asicheze mtu mwingine. Ni wa Sayi peke yake."

Mwandu alisikia. Alisikia kama alivyozoea kumsikia bwana shamba, kwa kutikisa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa wale ndege.

Mambo yakaenda vizuri. Kila jioni Esteria akirudi kuchuma pamba, Sayi alisimama mbele ya stuli akalinda shamba lake. Ngumi ikapanda kutoka kifuani mpaka begani, kutoka begani mpaka sikioni. Jioni moja, mama yake akipita, Sayi alimdaka khanga kwa mkono uleule. Esteria akasimama palepale, hageuki wala hasemi, akiogopa mtoto asije akaachia.

Kazi ya Mwandu ilikuwa kuchaji. Sola ilikuwa juu ya bati, waya ukaingilia dirishani, na mchana nyumba ilikuwa yake peke yake. Siku moja akakiwasha kishikwambi aone kama kimejaa. Ndege wakashuka. Mkono wake ukainuka wenyewe.

Aliwahi kuwa na mdogo wake, Maganga. Polio ilimpooza miguu angali mdogo. Siku zile hakuja mtu na pikipiki. Alikuja mganga, akala kuku, akamtaja jirani, akaondoka, na ikaachwa hivyo. Kuchunga Maganga hakuweza. Basi kila mtama ulipokomaa, baba yao alimbeba mgongoni, akampandisha kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akamwachia kamba mbili. Moja ilikwenda kushoto mwa shamba, moja kulia, zote zimening'inizwa makopo matupu. Kamba ikivutwa, makopo yanalia, ndege wanaruka.

Mwandu alipaswa kuwa na ng'ombe. Aliwaacha wenzake na ng'ombe, akapanda dunguni. Walitafuna mabua matamu mpaka midomo ikachanika, wakachoma panzi, wakasema uongo juu ya wasichana ambao hata salamu hawakuwa wakiwapa. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo Maganga alikuwa juu na watu wengine chini, na alilijua hilo, akaamrisha kama mtemi. "Kushoto, we mbwa," alikuwa akimwambia kaka yake. "Kushoto wanakula ugali wa mama."

Maganga alikufa zamani, Esteria hajazaliwa. Dungu likaoza, likaanguka, na hakuna aliyelijenga tena. Watoto walikwenda shule, wakubwa wakahamia kwenye pamba.

Sasa ndege walikuwa wanashuka upande wa kushoto wa kioo, na Mwandu akamsikia Maganga kabisa. Akawafukuza. Kesho yake akawafukuza tena. Akawa anavua shati, anasimama imara, anarusha mikono yote miwili, na kioo kinampigia makofi. Kadiri ndege walivyozidi mwendo, ndivyo na yeye alivyozidi. Jasho lilimtoka, na wakati mwingine machozi, akayafuta pamoja.

Jioni moja Sayi akasimama mbele ya stuli. Ndege wakashuka kama mvua ya mawe. Kabla ngumi haijafika begani, shamba lilikuwa limeliwa, mabua matupu. Akajaribu tena. Likaliwa tena. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata hakujaribu. Aliingiza mkono chini ya nguo, akaukalia.

"Mkono umekufa tena," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Haujafa," Esteria akasema. "Hiki kitu ndicho kimeharibika. Nampigia Perpetua."

Mwandu alikuwa mlangoni. Alikitazama kioo, akaijua kasi ile. Wale walikuwa ndege wake. Alikaa na jambo hilo mpaka ugali ukapoa mbele yake. Mficha uchi hazai, lakini yeye alishazaa, angeweza kunyamaza akaachia kishikwambi kibebe lawama. Ila mkono ule ulikuwa chini ya nguo.

"Hakijaharibika," akasema. "Nilikuwa nacheza mimi."

Esteria akaweka tonge chini. "Wewe, baba?"

"Mimi."

"Mtu wa miaka sitini."

"Hamsini na nane."

"Hamsini na nane, unafukuza ndege wa kwenye kioo. Na ulimsikia dada wa watu akikataza."

"Nilisikia."

Esteria akamgeuzia mgongo, akakusanya vyombo, na hilo lilimuuma baba yake kuliko matusi.

Perpetua alikuja, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaupunguza mchezo ukarudi ulivyoanza. Ndege wakashuka polepole kama zamani. Sayi aliwatazama wakila shamba lote. Mkono haukutoka.

"Mchezo nimeutengeneza," Perpetua akamwambia Mwandu nje, sasa hacheki. "Mtoto siwezi kumtengeneza kwa kubonyeza. Msimlazimishe. Ila akiuacha mkono hivyo muda mrefu, utakakamaa, na tutaanza upya kwa shida zaidi."

Usiku ule Mwandu hakulala vizuri. Alfajiri alichukua shoka.

Alikuwa na kipande cha mtama nyuma ya nyumba, na masuke yalishaanza kuwa mekundu. Akasimamisha nguzo katikati, akalaza fito, akafunga. Majirani wakamuuliza kama anajenga kanisa. Akanyoosha kamba mbili, akaning'iniza makopo. Mwisho wa kila kamba akafunga kitanzi kipana, ngumi iliyofumbwa ipite.

Jumamosi akambeba Sayi mgongoni, akampandisha.

"Tunafanya nini huku, guku?" akamuuliza babu yake.

"Tunalinda. Hawa wakishiba, sisi tunalala njaa. Hawana makofi."

Kweleakwelea walikuja jua likipanda. Walipotua kulia, Sayi akavuta kamba ya kulia, makopo yakalia, wingu lote likainuka. Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha wakatua kushoto.

"Guku, vuta huku."

Mwandu alikuwa anamenya bua kwa meno. "Mikono yangu ina kazi."

"Wanakula."

"Nawaona."

"Guku, wanakula kweli."

"Kushoto ni kwako."

Mwandu hakumtazama mtoto. Aliendelea kumenya, maganda yakimkata ulimi, ndege wakila mtama ambao kweli alikuwa akiutegemea. Ng'ambo ya shamba makopo yalikuwa kimya.

Kisha kopo moja likagongana na jingine, kidogo tu.

Akageuka. Ngumi ilikuwa ndani ya kitanzi. Uso wa Sayi ulikuwa umekunjamana kwa hasira, si kwa mkono, kwa ndege. Akavuta tena, bega na kiuno na mguu wake wa kuchechemea vyote vikisaidia, na makopo yakalia. Nusu ya ndege wakaruka.

"Wengine wamebaki," akasema.

"Basi wamekudharau."

Akavuta tena.

Jioni ile, Esteria akipakua mboga, Sayi alikiegemeza kishikwambi ukutani mwenyewe. Mwandu akasogeza kigoda karibu ili aone.

"Wewe toka nje, guku," Sayi akasema.

"Naangalia tu."

"Nje. Na usikiguse."

Esteria akainamia sufuria kuficha kicheko. Mwandu akachukua kigoda chake, akaenda kukaa uani, mgongo ukielekea mlango kama mtu aliyeadhibiwa. Dungu lake jipya lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba, likiinamia upande kidogo, kama lile la zamani. Ndani, mtoto alikuwa anawatukana ndege. Mwandu akafumba macho, akasikiliza anavyoamrisha.